Shairi lenye miguu: jibu kwa kijana wa Tandahimba

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Tandahimba, natunga mashairi na nimejifunza mwenyewe kutengeneza katuni kwa simu. Nina kazi ya sekunde 40 nimeiita "Korosho". Beti mbili za tarbia zinatokea kwenye kioo mshororo mmoja mmoja, halafu linakuja neno KOROSHO kwa herufi kubwa. Zile O tatu zinageuka mabibo, zinaiva, zinadondoka, kisha anakuja mtoto na tenga anaziokota. Nimewaonyesha wazee wawili wanaojua ushairi wakasema hiyo ni katuni, shairi halina miguu. Nikamtumia jamaa wa Dar es Salaam anayetengeneza katuni, akasema hiyo si katuni, ni maandishi yanayochezacheza. Sasa kuna shindano linataka nichague kundi moja, ushairi au katuni. Nichague lipi? Na mpaka wenyewe uko wapi, hasa huku mtandaoni ambako kila kitu kinatembea?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Kazi yako nimeitazama mara tisa. Tano niliiacha iende yenyewe, nne nikiwa nimebana kioo kwa kidole gumba isimame pale ninapotaka mimi. Hicho kidole gumba kiweke akilini, tutakirudia.

Kwanza nikutoe unyonge. Wazee wako wamekosea, na jamaa yako wa Dar es Salaam amekosea, na kosa lao ni moja: wametazama nguo wakamsahau aliyeivaa. Wazee wameona kitu kinatembea, wakasema katuni. Jamaa hakuona macho wala mdomo, akasema maandishi tu.

Tuwaanze wazee, kwa heshima zao zote. "Shairi halina miguu" ni kauli tamu, lakini inapingana na kile walichotufundisha wao wenyewe. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954, alisisitiza kwamba shairi ni la kuimbwa, na wazee wengi wa huku kusini wamelishika hilo kama nguzo ya nyumba. Sasa kitu cha kuimbwa kinakwenda. Kina kuanza na kumaliza, kina kupumua katikati, na anayeamua kasi ni mghani, si wewe uliyekaa kwenye mkeka unamsikiliza. Huwezi kumwambia mghani arudi mshororo wa pili kwa sababu hukuusikia vizuri. Kwa hiyo shairi letu lilikuwa na miguu tangu zamani, ila miguu yenyewe ilikuwa inatembea sikioni. Wewe umeileta machoni, ndiyo maana wameshtuka. Ugomvi wa namna hii si wa kwanza pia. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya *Kichomi* mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, walikuwepo waliosema hayo si mashairi kabisa. Leo huwezi kusimulia habari za ushairi wa Kiswahili ukairuka.

Jamaa wa katuni jibu lake ni fupi zaidi. Filamu ya sinema huenda kwa picha 24 kila sekunde, na wachora katuni wengi, ili kuokoa mkono, huiacha kila picha ikae nafasi mbili, zikawa michoro 12 kwa sekunde. Hesabu hiyo haijali kama umechora sungura au herufi S. Ukichora S mara 12 na kila mara ukaisogeza kidogo, umetengeneza katuni ya S. Macho na mdomo si sharti.

Basi kama kutembea si kigezo na sura si kigezo, mpaka uko wapi?

Hapa inabidi nikupitishe kwenye mashairi ya picha yaliyotulia, yale ambayo mpangilio wa maneno kwenye karatasi ni sehemu ya maana yake. Mfaransa Guillaume Apollinaire, katika diwani yake ya mwaka 1918, ana shairi la mvua ambalo herufi zake zinashuka kwenye ukurasa katika mistari mitano iliyoinama, herufi moja chini ya nyingine, kama matone kwenye kioo cha dirisha. Hakuna kinachotembea pale. Kinachotembea ni jicho lako: limezoea kwenda kulia, linalazimishwa kushuka, linachelewa, na katika kule kuchelewa ndiko unakoisikia mvua. Mshairi ameandaa mwendo, wewe umeutenda.

Mfano wa pili ndio unaotufikisha pazuri. Eugen Gomringer, aliyezaliwa Bolivia na kuishi Uswisi, aliandika miaka ya 1950 shairi lenye neno moja tu, neno ambalo kwetu lingekuwa "kimya". Limeandikwa mara 14 katika mistari mitano, maneno matatu kila mstari, isipokuwa mstari wa katikati wenye mawili: neno la kati halipo, pameachwa pengo. Unasoma kimya, kimya, kimya, unafika katikati, unakuta kimya chenyewe.

Sasa fanya jaribio hili kichwani. Chukua shairi hilo, ulitie kwenye programu ya katuni. Anza na maneno 15 yote yamejaa, kisha neno la katikati lififie polepole mpaka liishe. Pengo ni lile lile, mahali pale pale. Lakini shairi limekufa. Kwenye karatasi pengo ulilikuta. Hapa limefanywa mbele ya macho yako. La kwanza ni hali, la pili ni tukio. Kuna kabla na kuna baada, kuna kitu kimeondoka, na mtazamaji atauliza kimekwenda wapi, nani amekiondoa. Huo ni mwanzo wa hadithi. Mpaka ninaoujua mimi unaanzia pale, kwenye tukio.

Unaanzia, nimesema. Hauishii hapo, kwa sababu ningesema kila penye tukio pana katuni ningekuwa nimerudi kwenye baraza la wazee wako.

Hebu tuangalie vya kwetu. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Jina la kanga ni maneno yaliyowekwa kwenye picha, tena yamewekwa mahali maalumu, na mahali hapo pana maana: mwenye kuvaa anajua analigeuzia nani. Akitembea, jina linatembea, mikunjo inameza herufi mbili, inazitema, unasoma nusu unabahatisha nusu. Pita soko kuu la Mtwara asubuhi utasoma majina thelathini yakiwa mwendoni. Hakuna aliyewahi kusema kanga ni sinema, kwa sababu mwendo ule ni wa mvaaji. Maneno yenyewe yametulia, yamepanda tu chombo.

Na mfano ninaoupenda kuliko yote uko mkoa wa jirani, Lindi. Masultani wa Kilwa Kisiwani walipiga sarafu ndogo za shaba zenye maandishi ya Kiarabu pande zote mbili. Upande mmoja lipo jina la sultani, upande wa pili yapo maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zimetungwa ziishie kwa kina kimoja. Yaani ile sarafu ni ubeti wa mishororo miwili. Kina cha kwanza kiko juu, cha pili kimelala kiganjani, na hukipati mpaka uigeuze. Shairi lenye kuhitaji mkono! (Sarafu hizo zilisafiri, bwana. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota chache kati ya hizo huko kaskazini mwa Australia, na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje.) Mwendo upo pale, na bila mwendo kina hakikamiliki, lakini mwenye mwendo ni msomaji. Kwenye simu, hilo ndilo shairi ambalo unagusa linageuka, unagusa linaendelea. Ukikutana nalo mtandaoni usihangaike na swali la katuni. Ni sarafu ya Kilwa hiyo.

Tumebakiwa na ule mwendo wa tatu, ambao si wa jicho la msomaji, si wa mkono wake, ni wa mtunzi: umeutia ndani ya kazi na msomaji anaupokea kama ulivyo. Hapo ndipo ulipo wewe. Na hapo nina kipimo kimoja ambacho nimekitumia kwa miaka na bado hakijaniangusha. Nikuonyeshe kwa vitendo.

Andika neno FUNGA katikati ya kioo. Herufi nyeusi, nyuma nyeupe, usiweke kingine chochote. Lihesabie sekunde mbili. Kisha G na A ziachane taratibu, kama mbao mbili za mlango, na kwenye ule ufa ipenye U.

FUNGUA.

Neno limejifungua lenyewe. Walimu wa sarufi wanaiita kauli ya kutendua: ziba, zibua, kunja, kunjua, tega, tegua. Kila siku tunaitamka bila kuiona. Ukiandika karatasini FUNGA na FUNGUA kando kwa kando, unapata orodha ya kamusi. Ukiliacha neno lifanye kazi hiyo mbele ya macho ya mtu, anaona kitu ambacho Kiswahili kimekuwa nacho tangu enzi na enzi: kwamba katika lugha hii mlango unafunguka kwa irabu moja. Pale pana mwendo, pana tukio, pana kabla na baada, na mtunzi ameshika kila kitu. Ni shairi asilimia mia, wala sina haja ya kumuuliza mtu.

Sasa tengeneza namna ya pili. Neno FUNGA limeandikwa juu ya mlango. Unakuja mkono wenye ufunguo, ufunguo unazunguka, bawaba zinalia, mlango unafunguka, neno linabadilika kuwa FUNGUA. Nzuri, watoto wataipenda. Ni katuni yenye maandishi.

Tofauti ya hizo mbili ndiyo kipimo changu: tukio limetokea ndani ya neno au nje yake? Likitokea ndani, yaani kilichobadilika ni herufi, sauti, maana, mpangilio wa lugha yenyewe, mwendo umefanya kazi ambayo zamani ilifanywa na vina na mizani, na kazi ni ya ushairi. Likitokea nje, neno likawa mbao tu ya jukwaa au kiumbe kinachokimbizana na viumbe vingine, kazi ni ya katuni hata kama kila kinachoonekana kimejengwa kwa herufi.

Ukitaka kipimo hicho kwa lugha ya nyumbani, fikiria mapiko, ile ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Lipiko ni sura ya mti iliyochongwa, na likiwa limetundikwa ukutani ni kinyago unachoweza kukitazama mpaka uchoke. Likivaliwa likaingia uwanjani, si kinyago tena, na sharti la mchezo ni kwamba aliye ndani asijulikane. Herufi nayo inaweza kuvishwa lipiko. O yako imevaa bibo. Swali ni je, mtazamaji bado anajua kuwa ndani kuna O? Kama anajua, kama macho yake yanaona bibo na ulimi wake bado unatamka "o", herufi iko hai na shairi lipo. Akisahau, limebaki bibo peke yake linacheza ngoma. Kwenye mapiko, kusahau huko ndiyo heshima ya mchezaji. Kwenye ushairi ni hasara.

Turudi kwenye kidole gumba. Utasikia watu wanasema mpaka ni muda: shairi msomaji anashika muda wake, katuni muda anao mtunzi. Zamani nilikuwa naamini hivyo, na nusu yake ni kweli. Lakini kuna wasanii wawili wa Seoul wanaojiita Young-Hae Chang Heavy Industries ambao tangu mwisho wa miaka ya 1990 wanatengeneza kazi za maneno matupu, herufi nyeusi kwenye weupe, yanayotokea na kupotea kwa kufuata mapigo ya jazi, mengine kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuishika. Hakuna kitufe cha kusimamisha. Ukikosa neno umelikosa. Msomaji amenyang'anywa muda wote, na bado anachofanya pale ni kusoma, hakuna kingine cha kufanya. Upande wa pili, simu zetu zimemrudishia mtazamaji muda hata pale ambapo mtunzi hakutaka. Ukiweka kazi yako "status" ya WhatsApp, mtu anabana kioo na kidole, katuni yako inasimama kama picha ya pasipoti. Kwa hiyo muda si mpaka. Ni kamba, na mnaivutana wewe na msomaji. Lakini lazima ujue utafanya nini akiivuta yeye.

Ndiyo maana niliibana kazi yako mara nne.

Mara ya kwanza nilisimamisha sekunde ya 6, katikati ya beti. Mshororo wako wa kwanza nimeupenda:

*Bibo langu la tawini, nakungoja udondoke*

Mizani nane, mizani nane, kina cha kati na kina cha mwisho vimekaa. Lakini umeupa sekunde mbili. Niliughani kwa sauti huku natazama saa: sekunde tano, tena bila madoido. Sekunde mbili zinamtosha anayeujua tayari, yaani wewe. Mtunzi ni msomaji mbaya kuliko wote wa kazi yake, hajui maneno yanachelewa kiasi gani kuingia kwa mgeni. Nakwambia hivi kwa sababu nimeaibika. Ofisi moja ilinipa kazi ya kutengeneza "shairi linalotembea" la sherehe yao. Nilikuwa kijana, programu ilikuwa mpya mkononi, nikarusha herufi kutoka kila pembe, zizunguke, zigongane, zijipange. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mama mmoja mtu mzima mstari wa mbele akamuuliza jirani yake, kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Hao sisimizi wanakwenda wapi?" Tangu siku hiyo naghani kwanza, naweka kasi baadaye. Na ukate mshororo pale pale unapokatwa na sauti: ukwapi, ile nusu ya kwanza, uje, upumue, ndipo utao, nusu ya pili, ufuate. Usiulete wote kwa mkupuo.

Beti mbili ni mishororo minane. Kwa sekunde tano kila mmoja zimekwisha sekunde 40 na neno KOROSHO halijafika. Toa ubeti mmoja. Najua inauma. Toa wa pili, umekuja kueleza kile ambacho neno lenyewe litakionyesha muda si mrefu.

Mara ya pili na ya tatu nilisimamisha pale O zinapoiva. Hapo uko vizuri: bibo la kwanza limekuwa jekundu, la pili njano, na bado nasoma KOROSHO bila kusita. Lipiko limevaliwa na mwenyewe anaonekana.

Mara ya nne, sekunde ya 29. Mdogo wangu, hivi uliiona hii? O zote tatu zimedondoka. Juu pamebaki

K   R   SH

na pale palipokuwa na O pameachwa mapengo. Nikasoma kwa sauti nilichobakiwa nacho: *krsh*. Nikasoma tena. Hiyo ni sauti ya majani makavu chini ya mkorosho mtu anapoyakanyaga! Irabu zimeanguka kama yanavyoanguka mabibo, maana mkorosho hauchumwi, unangojewa, na neno limebaki konsonanti tupu, mti mkavu, mguu unakanyaga. Tukio limetokea ndani ya neno kabisa, kwenye irabu zake, kwenye uti wake. Hakuna mchoro wala maelezo yanayoweza kulifanya hilo badala ya herufi. Karatasi pia haiwezi, kwa sababu ukimpa mtu "K R SH" imetulia, ataiona fumbo, hataisikia. Lazima kwanza azione O zikiwepo.

Na wewe hapo umepaacha sekunde moja. Moja! Sekunde ya 30 anaingia mtoto na tenga, macho yote yanamfuata, herufi zimesahauliwa, na kuanzia pale mpaka mwisho kazi ni katuni, wala si nzuri sana, nikuambie ukweli. Mtoto anateleza. Miguu inakwenda ila ardhi haimshiki, kwa sababu hatua zake na umbali anaousogea havilingani. Jamaa yako wa Dar es Salaam angekusaidia hapo kuliko kubishana kuhusu majina.

Kwa hiyo jibu la nichague lipi ni hili. Kazi kama ilivyo leo imekaa juu ya mpaka, mguu huku mguu kule, lakini imekaa hivyo kwa kutojua, si kwa kutaka. Ukimwacha mtoto, ipeleke kwenye katuni, umrekebishe mwendo, na ukubali kwamba beti zile zitahesabiwa kama maneno ya utangulizi. Ukimtoa mtoto, ukaiacha *krsh* ikae kwenye kioo sekunde saba au nane bila muziki, kisha kioo kizime, ipeleke kwenye ushairi na mtu akikuambia ina miguu mwambie ndiyo, inayo, na imekanyaga majani. Mimi ningemtoa mtoto. Mfanyie kazi yake mwenyewe siku nyingine.

Kuhusu kuizungusha irudie bila kukoma, kama zile picha za GIF: usifanye kwa kazi hii. Kurudia kuna kazi yake. Kwenye shairi letu tuna kibwagizo, na GIF nzuri ni kibwagizo kilichopata macho. FUNGA, FUNGUA ingeweza kuzunguka siku nzima na kila mzunguko ukaongeza kitu, kwa sababu mlango ni wa kufungwa na kufunguliwa. Bibo likidondoka halirudi mtini. Ukiizungusha, O zinaruka juu tena na watu wanacheka.

Jambo moja la kazi, nalo si dogo. Hifadhi maandishi yako pembeni, kwenye karatasi au faili la kawaida, pamoja na maelezo ya kila kinachotembea: herufi ipi, inakwenda wapi, kwa sekunde ngapi. Mshairi wa Kanada aliyejiita bpNichol alitunga mwaka 1984 mashairi 12 yanayotembea kwa kuandika programu ya lugha ya BASIC kwenye kompyuta ya Apple. Mashine zile zilipotoweka, mashairi nayo yakawa hayaonekani, na ilibidi watu waliokuja baadaye wayafufue kwa programu za kuigiza mashine ile. Zile za miaka ya 2000 zilizotengenezwa kwa Flash, programu ya kampuni ya Adobe ya katuni za mtandaoni, zimepata balaa kubwa zaidi, maana Adobe iliacha kabisa kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020 na kazi nyingi zikabaki kisanduku cheupe. Programu uliyonayo kwenye simu leo itakufa nayo. Ukiwa na karatasi ya maelezo, kazi inajengwa upya jioni moja.

La mwisho kabisa, halafu nikuache. Picha ya bibo umeipakua mtandaoni, nimeitambua, ninayo hata mimi. Aliyeichora hajawahi kuuona mkorosho: ameiweka korosho juu ya bibo kama kikonyo cha tufaha. Majaji wakiwa watu wa Masasi au Newala utaulizwa wewe, mtoto wa Tandahimba, ilikuwaje. Igeuze, korosho ining'inie chini. Na ukishaigeuza, tazama tena mshororo wako wa kwanza, pale baada ya *tawini*. Pale kwenye kina cha kati pana mkato, umening'inia chini ya mstari, mdogo, umejikunja. Upake rangi ya kijivu ya korosho, uupe tumbo kidogo. Usiutembeze.